Kwenda Serengeti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wananchi

Naendesha watalii kanda ya kaskazini, na kila ikikaribia Desemba simu yangu hujaa maswali yaleyale: shemeji, majirani, mwalimu wa mwanangu, akina mama wa kikundi cha kanisani. Nimeyapanga hapa, nikimfikiria Mtanzania anayekwenda mara ya kwanza kwa fedha yake mwenyewe. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Serengeti ni kubwa kiasi gani, na jina limetoka wapi?

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763 na inagusa mikoa ya Mara, Simiyu na Arusha. Maasai Mara ya upande wa Kenya, ambayo ni mwendelezo wa nyika hiyohiyo, ina takriban 1,510. Ndiyo maana mtu akikuambia "nilienda Serengeti sikuona nyumbu", muulize kwanza alikwenda Serengeti ipi. Kutoka Naabi kusini hadi Kogatende kwenye Mto Mara ni safari ya siku nzima, ukitaka kusimama na kuangalia chochote njiani.

Jina ni la Kimasai, *siringet*, mahali ambapo ardhi inakwenda bila kukoma. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 upande wa mashariki ulimegwa ukawa Ngorongoro (swali la 15), na mwaka 1981 UNESCO ikaiingiza Serengeti kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

2. Huyu nyumbu ni yule anayezaliwa na punda na farasi?

Siye. Kiswahili kimetoa jina moja kwa wanyama wawili. Nyumbu wa kubeba mizigo ni mtoto wa punda na farasi, na kwa kawaida hazai. Nyumbu wa porini ni ndugu wa kongoni na nyamera, na kuzaa ndiyo kazi yake: wako kama milioni 1.3 hivi, na kila mwaka wanaongeza ndama wapatao laki tano.

Na lile tusi la mitandaoni, la kumwita "nyumbu" kila anayefuata mkumbo, linamwonea mnyama. Nimewaangalia miaka mingi pale mtoni. Kabla ya kufuata mkumbo wanasimama, wananusa, wanashuka ukingo, wanapanda tena, wanabishana nusu siku nzima.

3. Niende mwezi gani?

Hili ndilo swali namba moja, na watu hawapendi jibu langu. Nyumbu anafuata majani mabichi, majani yanafuata mvua, na mvua haina ratiba iliyobandikwa ukutani. Miezi ninayotaja ni mazoea tu.

Kati ya Desemba na Machi kundi kubwa liko kusini, kwenye tambarare za Ndutu na Naabi. Aprili na Mei, masika ikiwa imekolea, wanaanza kupanda kupitia Moru na Seronera, katikati ya hifadhi. Juni wengi wako magharibi, upande wa Mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba wako kaskazini, wakivuka Mto Mara huku na huku. Vuli ikianza, wanageuka kurudi kusini. Ikiwahi, Novemba unawakuta wamekwishafika. Ikichelewa, Desemba bado wako Lobo, kaskazini, na wewe umelipia hema Ndutu.

Mimi siku mbili kabla ya kuondoka simpigii mtu kumuuliza wanyama wako wapi. Nampigia mwenzangu aliyeko ndani namuuliza mvua ya juzi ilinyesha upande gani. Akishanijibu hilo, wanyama nitawapata mwenyewe.

Ukinilazimisha nitaje mwezi mmoja, ni Februari, kwa sababu ya uzazi. Ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki mbili tatu hivi, kiasi kwamba fisi na simba wanashiba na bado wengi wanabaki hai. Unaona jike amejitenga kidogo, anazunguka palepale, miguu miwili myembamba imetokeza nyuma. Anaangusha. Ndama anasimama, anaanguka pua mbele, anasimama tena, na kabla hujamaliza chupa yako ya soda anakimbia ubavuni mwa mama yake. Mbweha anakuja kuchukua kondo la nyuma. Usisahau tu kwamba sehemu kubwa ya Ndutu iko Ngorongoro, na kibali chake ni kingine (swali la 6).

4. Kwa nini wanahangaika hivyo? Si wangekaa tu kaskazini kwenye maji?

Kaskazini mvua inazidi milimita 1,000 kwa mwaka, kusini-mashariki ni kama nusu ya hapo. Ungedhani kaskazini kunatosha. Ila majani ya kusini ni mafupi na yana utajiri wa madini, hasa kalisi na fosforasi, kwa sababu yameota juu ya majivu ya volkano yaliyopeperushwa kutoka milima ya Ngorongoro na jirani zake, ukiwemo Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, ambao bado uko hai. Jike anayenyonyesha anayahitaji madini hayo. Basi mvua ikinyesha anashuka kuyala. Madimbwi yakikauka anapanda kufuata maji. Kaskazini ni kwa kusalimika, kusini ni kwa kulea.

Hawatembei peke yao. Pundamilia, zaidi ya laki mbili, mara nyingi wanatangulia na kukata mabua marefu magumu. Nyumbu anakuja kwa majani yaliyobaki chini. Swala tomi anamalizia machipukizi.

5. Kuvuka Mto Mara ni lazima nikuone?

Si lazima, na wengi wanaokwenda kwa ajili hiyo tu wanarudi na kinyongo. Mwaka fulani nilikaa na wageni Kogatende kuanzia saa tatu asubuhi. Maelfu wamejipanga ng'ambo, vumbi limesimama. Saa nane hivi pundamilia mmoja akaingia maji hadi magotini, akanywa, akageuka, na kundi zima likageuka naye. Tukala chakula kilichopoa tukarudi kambini. Kesho yake tulipita pale bila mpango, wakavuka mbele yetu kwa dakika ishirini.

Mamba wanapata chao, lakini wengi hufa kwa kuzama na kukanyagana. Watafiti waliohesabu mizoga mtoni walipata wastani wa nyumbu 6,250 kwa mwaka. Tai, samaki na wadudu wanakula kwa wiki kadhaa, na mifupa inaendelea kuyeyusha fosforasi majini kwa miaka.

Jambo moja naomba: ukiwa ukingoni kaa ndani ya gari, na dereva asizibe njia ya kushukia. Nyumbu wakizibiwa pale penye mteremko mzuri wanaruka penye genge, na hapo ndipo wanapovunjika miguu.

## Fedha, njia na malazi

6. Kiingilio ni shilingi ngapi?

Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wiki unayosafiri. Usiamini bango la mwaka juzi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni, na mtoto chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Beba kitambulisho cha taifa, maana bila hicho hakuna cha kuonyesha kwamba wewe ni raia. Pesa taslimu usizitegemee getini: unalipa kwa namba ya malipo, kupitia benki au simu.

Kibali kinahesabiwa kwa saa 24 tangu ulipoingia. Yale magari unayoyaona yanakimbilia Naabi mchana wa jua kali yanakimbiza saa. Na ukitokea Arusha unapita ndani ya Ngorongoro, ambayo ina mamlaka yake na ada zake, na gari kushuka kreta, lile shimo kubwa la volkano, ni ada nyingine tena. Hapo ndipo bajeti za watu wengi zinapopasuka.

7. Nipitie Arusha au Mwanza?

Arusha kama unataka na Ngorongoro. Lami inaishia lango la Loduare, baada ya Karatu. Kuanzia hapo ni vumbi na mawimbi ya barabara yanayotikisa meno. Hesabu saa saba hadi nane kufika Seronera.

Kama shida yako ni Serengeti tu, na uko Kanda ya Ziwa, sioni sababu ya kuzunguka. Barabara ya lami ya Mwanza–Musoma inapita mlangoni kabisa mwa lango la Ndabaka, na hulipi chochote cha Ngorongoro. Ubaya wake ni masika: udongo mweusi wa ukanda wa magharibi ukilowa unanasa hata gari zuri.

8. Nikipanda basi la Arusha–Musoma linalokatiza hifadhini nitaona wanyama?

Utaona, hasa kama kundi liko kusini, na ada za kupita zipo. Lakini basi halisimami kwa ajili ya simba wako. Kwa mwanafunzi mwenye nauli tu, hata hivyo, sijaona dirisha bora zaidi.

9. IST yangu itafika?

Kiangazi utaona magari madogo kwenye barabara kuu ya Naabi, na utaona pia yaliyopasuka sampo. Ndani ya njia za wanyama sikushauri. Kreta ya Ngorongoro wanashusha magari yanayovuta magurudumu yote manne tu. Watu sita mkichanga mkakodi gari moja lenye paa la kufunguka, gharama inakaribia ya kuharibu gari lako.

Pikipiki na bajaji haziingii. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na usiku haturuhusiwi kuzunguka.

10. Wapi pa kulala bila kuuza shamba?

Seronera kuna kambi za umma zenye majina ya wanyama: Pimbi, Nyani, Tumbili, Dikdiki. Unaleta hema lako, kuna vyoo na jiko la kupikia. Hakuna uzio. Chakula hakilali hemani, hata biskuti ya mtoto. Viatu viingize ndani, maana fisi anapenda ngozi iliyonuka jasho. Nimemwona mgeni akimaliza safari na kandambili. Ukitaka kutoka usiku, mulika kwanza pande zote. Macho yakikuangazia na hayasogei, rudi ulale.

11. Nikibanwa njiani naweza kuchimba dawa?

Tumia choo cha getini kabla hujabanwa. Vipo Naabi, Seronera na maeneo ya kulia chakula. Utaratibu ni kutoshuka garini popote pengine. Ukizidiwa, mwambie dereva mapema, usione haya; yeye ndiye atakayejua mahali pa wazi, na hutavuka tairi la nyuma. Kichaka ambacho wewe unakiona kizuri kwa kujificha, chui alikiona kabla yako.

## Nyika yenyewe

12. Kwa nini kusini hakuna hata mti mmoja?

Yale majivu ya volkano (swali la 4) yamegandamana chini ya udongo na kuwa tabaka gumu kama saruji, kina kifupi tu kutoka juu. Mzizi wa jani unatosheka, wa mti unagonga mwamba. Miti unayoiona imejishikiza kwenye mawe makubwa ya matale yaliyochomoza kama visiwa, ambako maji hujikusanya kwenye nyufa. Simba wanayapenda mawe hayo kwa kivuli na kwa kuchungulia. Kadiri unavyokwenda kaskazini na magharibi tabaka linapotea, na migunga inaanza.

13. Nimekuta askari wanachoma majani. Si uharibifu huo?

Wanachoma vipande mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu kidogo, ili moto uwe mdogo na mwezi wa tisa usije moto mkubwa usiozimika. Pia chipukizi linaloota baadaye ni tamu kwa swala.

Lakini mzima-moto mkuu wa Serengeti ni nyumbu, na hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu. Ikaendelea kuua ndama kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa vijiji vya jirani wakachanjwa. Nyumbu hawakuchomwa sindano hata mmoja, ila ugonjwa ukakosa pa kujificha, na kufikia 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na laki tatu. Midomo yote ile ikala majani yaliyokuwa yakikauka na kuwaka. Moto ukapungua, miche ya migunga ikapona, twiga wakapata majani. Ukipiga picha twiga chini ya mgunga, mshukuru na daktari wa ng'ombe.

14. Nitatofautishaje duma na chui? Na mbung'o wakoje?

Duma ana mistari miwili myeusi kama machozi kutoka machoni hadi mdomoni, madoa yake ni nukta kavu, na yuko chini, juu ya kichuguu. Chui madoa yake ni kama maua, na mtafute mtini kando ya Mto Seronera. Ukiona mkia unaning'inia, ndiye.

Mbung'o ni wa magharibi na kaskazini zaidi, penye vichaka. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana unaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa mitini, vimepakwa dawa ya kuwaua. Acha jinzi yako nyumbani, vaa rangi ya udongo.

## Watu na wanyama

15. Kabla ya hifadhi waliishi nani, na hili la Ngorongoro likoje?

Wamasai walichunga tambarare za kusini na mashariki. Magharibi ni nchi ya Waikoma, Wanata, Waisenye na wengine. Mwaka 1959 Wamasai waliondoka Serengeti, na Ngorongoro ikaundwa iwe ya wanyama, watu na mifugo kwa pamoja. Tangu 2022 Serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, Handeni, ikisema ni kwa hiari na kwamba watu na mifugo wamezidi. Wakazi wengi wanasema huduma zilipunguzwa ili wachoke, na Agosti 2024 maelfu walikusanyika barabarani kulalamika. Ninapita pale kila wiki, na kwa maoni yangu mtu aliyeahidiwa mahali pa kuhamia mwaka 1959 ana haki ya kuuliza ahadi ya pili itadumu miaka mingapi.

Ukiwapita wachungaji, usiwapige picha dirishani bila kuomba.

16. Tembo akila shamba la mtu, analipwa?

Kuna malipo ya Serikali: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa. Majina yenyewe yanakuambia kwamba si fidia kamili. Toa taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji na ofisa wanyamapori ili shamba likaguliwe kabla nyayo hazijafutika.

17. Naweza kununua nyamapori?

Kwenye bucha lenye leseni, ukipewa risiti, ndiyo. Utaratibu wa mabucha hayo ulianza 2020. Ya kuletewa gizani kwenye mfuko ni kesi ya kukutwa na nyara za Serikali, na nyingi hutokana na mitego ya waya. Waya haubagui: unalenga nyumbu, unanasa shingo ya simba au mkonga wa tembo.

18. Ile barabara ya lami ya kukatiza kaskazini iliishia wapi?

Ilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na hukumu ya Juni 2014 ikazuia kujengwa kwa lami ndani ya hifadhi. Wenzetu wa Loliondo na Mugumu bado wanataka njia ya kufikisha mgonjwa na mazao, na hilo ni dai la haki.

## Maswali ya pembeni

19. Nimeokota unyoya, naweza kuondoka nao?

Usiondoke nao. Unyoya, mwiba wa nungunungu, fuvu, vyote ni nyara (swali la 17). Piga picha uache.

20. Naweza kuja na mbwa wangu?

Hapana, na sababu si ukali wa askari. Mwaka 1994 kirusi cha distempa, kilichotokana na mbwa wa kufugwa, kiliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

21. Kwa nini kreta ya Ngorongoro haina twiga?

Kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi na ni mteremko mkali kwa mwenye miguu ile. Anabaki juu.

22. Lile kaburi la ukingoni mwa kreta ni la nani?

La Michael Grzimek, Mjerumani aliyewahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake, Bernhard, mwaka 1958. Januari 1959 ndege yake iligongana na tai. Baba alifariki 1987, akazikwa palepale.

23. Nikiwa kaskazini naweza kuvuka moja kwa moja kwenda Maasai Mara?

Nyumbu tu. Mpaka wa pale umefungwa kwa watalii tangu 1977, Jumuiya ya zamani ilipovunjika. Wewe utazunguka hadi mpaka wa Sirari.

24. Gari likiharibika katikati ya pori?

Kaeni ndani, funikeni vioo kwa kanga jua likizidi, na msimamishe gari linalopita. Madereva wa huku hatupitani kimyakimya. Kila gari liwe na maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu na tairi mbili za akiba. Mtandao wa simu unapatikana Seronera na vilimani, mabondeni unapotea.

25. Nisipoona simba narudishiwa hela?

Hurudishiwi. Simba wako kama 3,000 kwenye mfumo wote wa Serengeti, kwa hiyo siku mbili kwa kawaida zinatosha. Ila usile mayai yako ya kuchemsha ukiwa umesimama nje kule Ngoitokitok, pale pa kulia chakula ndani ya kreta ya Ngorongoro, ukidhani hatari ni simba. Mwewe atalichukua la mkononi, na atakuachia chumvi.